Lori Lililoganda Mteremkoni

Mchana wa mwezi wa kumi Shinyanga haufai kwa kazi yoyote. Jua linakaa juu ya mabati na kukataa kuondoka, mbwa wanachimba vishimo chini ya magari na kulala humo, na mteja akija dukani amekuja kuomba maji tu. Saa hizo nilikuwa nafunga duka langu la vitenge, ambalo ni chumba cha mbele, navuta pazia la chumba cha nyuma, natandika mkeka sakafuni. Mume wangu anawasha kompyuta. Hapo ndipo theluji ilipokuwa ikianza kuanguka nyumbani kwetu.

Sitanii. Ndani ya kioo cha mashine ile kulikuwa na nchi nzima ya milima myeupe, miti mirefu iliyoelemewa na theluji, barabara moja nyembamba, na lori jekundu lililobeba magogo. Injini ilivuma kwenye kispika kidogo, mvumo mwembamba usiokatika. Zamoyoni, mume wangu, aliliendesha kwa vidole, kwa sababu miguu yake ilikuwa haimtumikii tena. Mimi nililala kwenye mkeka nikitazama kwa chini, jasho likinitoka, na macho yakinidanganya kwamba chumba kimepoa. Mara nyingine nilijifunika kanga kwa ajili ya baridi ya watu wengine.

Zamani alikuwa dereva wa malori ya Isaka. Miaka ya wakimbizi alipeleka mahindi kwenye kambi zao za Ngara, yeye na utingo wake Jilala, Msukuma wa Tinde, mtu mzima aliyemzidi umri, ambaye kazi yake ilikuwa kufunga turubai, kuweka kabari kwenye tairi, na kumsemesha dereva asisinzie. Safari moja, kwenye mteremko kabla ya kufika Ngara, lori liliwashinda. Jilala alifia palepale. Mume wangu nililetewa akiwa mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Alisema breki zilikataa. Nikaenda mpaka dukani kwa tajiri mwenye lori, nikamshushia maneno mbele ya wateja wake mpaka akajifungia stoo. Nina mdomo, sikatai.

Tangu ajali ile hakulala usingizi wa maana. Usiku alikuwa anafumba macho tu kwa ajili yangu, ili nisimsumbue kwa maswali. Mchana alikaa dirishani akiangalia barabara ya Mwanza, malori yakipita, na akijua kila moja gia gani limeingiza. Mkewe nipo, mtoto wetu Zuhra akirudi shule anamwamkia, anaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliye chumba cha tatu. Nilimpenda na nilimchoka. Yote mawili kwa pamoja, siku ileile, saa ileile.

Kompyuta ilitoka kwa Fahim. Fahim ni Mhindi wa mtaa wetu, mtoto wa wenye duka la vifaa vya shule. Alisoma madrasa moja na mume wangu na walichapwa kwa bakora moja. Siku hizo alikuwa na chumba cha kupiga chapa na kutoa fotokopi. Kambi fulani ya watafiti wa dhahabu upande wa Geita ilipofungwa, alikwenda na pikapu akanunua viti, jenereta na kompyuta hiyo, ambayo hata wakati ule ilikuwa imeshazeeka. Alipopata mpya, akatuletea ya zamani. Mchezo wa lori ulikuwa humohumo, nadhani uliachwa na Mzungu mmoja aliyekuwa anaikumbuka baridi ya kwao.

"Shemeji," aliniambia, "mwache kaka ajichangamshe."

Akajichangamsha kweli. Siku ya kwanza alipoligeuza lile lori jekundu kwenye daraja, alisema neno ambalo sikuwa nimelisikia mdomoni mwake tangu ajali. Alisema, "Tulia, mama," akiliambia lori. Niliona wivu wa mke mwenza, halafu nikaenda jikoni nikalia kwa furaha.

Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Unapakia magogo juu mlimani, unavuka daraja, unapita msitu, unapita kijiji chenye kanisa, kisha barabara inainama na kushuka moja kwa moja mpaka bondeni, kwenye kiwanda cha mbao chenye taa ya njano. Ukifika kwenye taa, umemaliza. Mume wangu alivuka daraja kama mtu anayevuka sebule yake. Lakini kila alipouanza ule mteremko wa mwisho, kabla ya kona, kila kitu kiliganda. Theluji ilisimama hewani. Kisha kioo kikawa cheusi, na juu pembeni yakatokea maneno meupe ya Kiingereza.

Fahim alipokuja aliyasoma akiwa ameinama. "Inasema imeshindwa kugawanya."

"Kugawanya nini?" nikamuuliza.

"Haisemi."

"Lori na kugawanya wapi na wapi?"

"Shemeji, humu ndani kila kitu ni hesabu. Hata hiyo theluji ni hesabu. Kuna mahali inaambiwa igawe kwa sifuri, inashindwa, inakufa."

Nikaitazama theluji kwa jicho jingine. Sikuipenda zaidi kwa kuwa ni hesabu, wala upendo wangu haukupungua.

"Sasa itengeneze," mume wangu akasema. Hakumwangalia Fahim. Alikuwa bado anatazama kioo cheusi. "Nataka nifike chini. Mara moja tu. Nikishafika, hata ukitaka kuichukua, chukua."

Aliyasema taratibu, lakini Fahim aliniangalia na mimi nikamwangalia, kwa sababu mtu haombi mchezo kwa sauti ile. Niliposikia hivyo nikaapa moyoni kwamba lori lile litashuka, hata kama itanibidi nilisukume.

Tukaanza na joto. Fahim alikitazama kitambaa changu nilichokifuma kwa mkono, chenye maua na maneno Karibu Mgeni, ambacho kiliifunika kompyuta mgongo mzima hata ikiwa inafanya kazi. Kila mtu mwenye redio au televisheni huifunika. Vumbi la Shinyanga halina adabu. "Hii mashine inahitaji kupumua, shemeji. Umeivalisha sweta." Nikamwambia sweta hilo limenichukua mfungo mzima kulifuma. Akakivua tu, akakikunja kwa heshima, akanipa.

Ikaganda vilevile.

Akafungua skrubu kwa bisibisi, akaivua na bati. Ndani kulikuwa na vumbi jekundu la Geita chini na vumbi letu la kijivu juu yake, na mayai mawili ya mjusi kwenye kona. Tukaazima pampu ya baiskeli. Fahim akawa anapuliza, mimi nimeshika feni isizunguke, mume wangu anatuelekeza kutoka kwenye kiti chake kama fundi mkuu wa gereji, na vumbi likaruka likajaa chumbani, likaning'inia kwenye mwanga wa pazia, la dhahabu. Tulilitazama linavyoshuka. Hata Fahim, mtu wa haraka, alisimama na pampu mkononi kama amesahau alichokuja kufanya.

Ikaganda vilevile, sasa ikiwa safi.

Tukaulaumu umeme. Jirani yetu Masele ana mashine ya kusaga, na akiiwasha taa zetu hulegea. Fahim akaleta kifaa chake cha kutuliza umeme, kizito kama gunia la sukari. Tukangoja mpaka Masele afunge aende kula. Mtaa ukanyamaza, umeme ukatulia, lori likavuka daraja, likapita msitu, likapita kanisa. Nikashika mgongo wa kiti cha mume wangu kwa mikono miwili. Barabara ikainama. Theluji ikasimama hewani.

"Mwanaharamu," nikaiambia ile mashine, na Fahim akajifanya hakusikia.

Mwisho akaibeba kwenda nayo kwake. Siku hizo ambazo haikuwepo, mume wangu alirudi dirishani, na mchana nikawa nalala kwenye mkeka bila theluji, chumba kikiwa chumba tu. Nilishangaa kwamba niliikosa. Fahim aliporudi, uso wake ulikuwa wa mtu aliyeleta habari njema asiyejua azipeleke wapi.

"Kwangu imefika chini," akasema. "Nimeiendesha mwenyewe. Nimegonga uzio, nimegonga na ng'ombe, lakini nimefika kwenye taa. Haikuganda hata mara moja."

Akaiunganisha palepale mezani. Mume wangu akaendesha. Ikaganda.

Fahim akavua miwani akaifuta kwa shati. Alisema labda waya, labda meza, labda unyevu, ingawa Shinyanga mwezi wa kumi unyevu utautoa wapi. Akasema atamuuliza jamaa yake wa Mwanza. Akaenda zake akiwa mnyonge, na mimi nilijua hana pengine pa kutafuta.

"Mama Zuhra," mume wangu akasema tulipobaki wawili.

"Abee."

"Si mashine. Ni Jilala. Hataki nipite."

Nikawaka. Nilimwambia Jilala ni marehemu na ana mambo yake, hana nafasi ya kuja kukaa ndani ya kompyuta ya Wazungu kumzuia mtu kucheza. Nilimwambia kama ni kufa ningekufa mimi kwanza kwa kumbeba na kumgeuza na kumfulia, na kwamba sikumleta mganga wakati wa ajali, sitamleta kwa ajili ya mchezo. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Lakini kwa Fahim imepita," na mimi nikalala kwenye mkeka nikampa mgongo.

Akaanza tena. Nilisikia vitufe. Sikugeuka kutazama, nilikuwa nimenuna, na joto lilikuwa limenishika kichwa, na usingizi ukaja kwa chini, ule wa mchana ambao mtu halali wala hayuko macho. Kwa hiyo safari ile nilimfuata kwa masikio tu. Nilisikia injini ikikaza kupanda. Nilisikia mbao za daraja. Nilisikia injini ikipumua msituni, ikibadilishwa gia, na kengele ndogo ya kanisa. Mwili wangu ukawa mwepesi, mkeka ukaanza kutembea.

Halafu injini ikanyamaza.

Haikuwa imeganda. Nilikuwa naujua mgando wake. Ulikuwa na mlio mdogo mwishoni, tiki, kama mtu amebana ulimi. Huu ulikuwa ukimya tu, upepo umebaki peke yake, na lori bado linakwenda. Ukimya huo niliutambua. Niliutambua kwa mwili kabla ya kichwa, na nikiwa nusu usingizini nikatabasamu.

Nilikuwa bi harusi bado. Zamoyoni alinichukua kwenye lori tukitoka Kahama kwenda Ngara, nikaone nchi. Jilala alituachia kiti, akapanda juu ya turubai, akawa anaimba Kisukuma huko juu peke yake. Kwenye milima ya Biharamulo, jioni, barabara iliposhuka, mume wangu alisema, "Sikiliza," akatoa gia, akazungusha ufunguo, akazima. Lori zima na mahindi yake likashuka bila sauti. Nilisikia majani, nikasikia wimbo wa Jilala umeshuka wote ndani ya kabini. Niliona tunaruka. Madereva wote wa Isaka walifanya hivyo. Dizeli waliyookoa hivyo ilikuwa yao kuuza. Lakini mimi sikujua mambo ya dizeli. Nilidhani amelizima kwa ajili yangu, na ndipo nilipompenda moja kwa moja.

Tiki.

Nikakaa kitako kwenye mkeka. Kioo kilikuwa cheusi, maneno meupe pembeni juu.

"Baba Zuhra," nikasema, "kwa nini unaizima?"

"Kuzima nini?"

"Injini. Ukifika mteremkoni unaizima. Nimeisikia."

Aliangalia mkono wake wa kushoto. Kidole kimoja kilikuwa bado juu ya kitufe kile cha kuwashia lori, kimekilalia, na alikitazama kidole hicho kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

"Sijui," akasema. "Ni mkono tu. Mteremko ukifika, mkono unakwenda wenyewe."

Sasa nilielewa kwa nini kwa Fahim lilishuka. Fahim ana kipikapu tu cha kwendea Kagongwa. Hajawahi kuendesha lori la mzigo, hajawahi kufundishwa kuokoa dizeli. Mtu aliyeutengeneza mchezo ule huko kwao hakuwahi kuota kwamba kuna dereva duniani atakayezima injini mlimani na lori likiwa na mzigo. Hesabu yake ilitafuta injini, ikakuta sifuri, ikafa. Nilitaka kucheka. Nilitaka kukimbia hadi kwa Fahim nikiwa bila viatu nimwambie, sina hata shule ya maana na nimeikamata. Ndipo nikamwona mume wangu usoni, nikabaki palepale kwenye mkeka.

"Usiizime safari hii," nikamwambia polepole. "Iache ivume."

"Ikivuma itakwenda taratibu sana."

"Ikitaka ilale njiani. Iache."

Nikavuta kigoda nikakaa karibu yake, bega langu kwenye mkono wake. Akawasha. Theluji ikaanza upya, ile ile, juu ya magogo yale yale. Daraja. Msitu. Nje Masele akawasha mashine yake ya kusaga na kioo kikatetemeka kidogo, na hatukujali. Tukalipita kanisa. Barabara ikainama, na mkono wake wa kushoto ukanyanyuka, na mimi nikaushika. Ulikuwa wa baridi kweli. Akaingiza gia ndogo kwa mkono wa kulia. Injini ikalia, ikakwaruza, ikalizuia lori kwa nguvu zote, na tukaanza kushuka mwendo wa ng'ombe.

Kona ya kwanza hatukuwa tumewahi kuiona. Ilikuwa na mti mmoja ulioanguka na theluji juu yake. Kona ya pili ilikuwa na mto uliokuwa barafu. Nilimsikia akipumua. Kulikuwa na nchi nzima huku chini, imekaa ikitungoja wiki zote zile: mashamba meupe, uzio, ng'ombe wa Fahim amesimama tena kama hakugongwa, na mbali, chini kabisa, taa ya njano. Chumba kilinukia vumbi na vitenge vipya. Sikujua tena kama niko kwenye kigoda au kwenye kiti kile kirefu cha kabini, na nilijikuta nasikiliza kama kuna mtu anaimba juu ya turubai.

Lori likaingia langoni likasimama chini ya taa. Muziki mwembamba ukapigwa. Mtu mdogo mwenye kofia akatoka ndani akapunga mkono, akaanza kuhesabu magogo.

Mume wangu hakuondoa macho.

"Tungefika," akasema.

Nikamgeukia.

"Breki za lori zinakula upepo wa injini. Ukizima, upepo unaisha. Unakanyaga mara ya kwanza, ipo. Unakanyaga mara ya pili, ipo kidogo." Alisema yote hayo kwa yule mtu mdogo mwenye kofia. "Jilala aliniambia, washa lori, bhabha. Akasema tena. Nikamcheka. Nikamwambia umezeeka, unaogopa mlima. Ningeacha gia tu, Mwaisha. Ningeiacha ivume hivi. Tungefika chini tukanywa chai."

Jina langu hakuwa amelitaja tangu Zuhra azaliwe.

Nitasema ukweli nilivyojisikia. Nilitaka kumpiga. Nilimwona Nyamizi, mjane wa Jilala, kwenye msiba, amekaa chini akinishukuru mimi kwa kumtukana tajiri kwa niaba yao. Nilitaka kumwuliza ameninyamazia vipi muda wote ule, huku namgeuza na kumwogesha. Na hapohapo nilitaka nikilaze kichwa chake kifuani kwangu nikifunike na kanga asione tena mteremko wowote. Sikufanya hata kimoja. Niliendelea kuushika ule mkono wa kushoto mpaka ukapata joto.

Kwenye kioo magogo yalikuwa yamekwisha kushushwa. Lori jekundu lilikaa tupu chini ya taa, theluji ikianza kulifunika bati.

"Nyamizi bado yuko Tinde?" akauliza.

"Yuko. Anauza viazi pale barabarani."

"Kesho nitafutie gari unipeleke."

"Nitamwomba Fahim pikapu."

Akanyoosha mkono akaizima kompyuta yeye mwenyewe, na chumba kikarudi kuwa cheupe kwa jua la pazia. Akanigeukia. Miaka mingi sikuwa nimetazamwa hivyo, na mtu aliyemo ndani ya macho yake.

"Na ukifika huko, Mwaisha, usinisaidie kusema. Mdomo wako nauheshimu, lakini hili niachie. Akinifukuza, anifukuze mimi."

Nikamwambia sawa.